Kulisoma Anga la Agosti Hadi Oktoba: Somo Kutoka Dabani



Somo letu safari hii si la ugonjwa mmoja. Ni somo la anga. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Kiryandongo, na kwetu ni Dabani, wilaya ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani kumwona nyanya yangu, mama mzazi wa mama, nikakaa naye siku kumi na mbili. Katika siku hizo kazi yangu kubwa ilikuwa kuanika mahindi na kuyaanua. Asubuhi baridi ya kutaka koti, saa sita jua la kuchoma utosi, saa tisa mvua, mara moja hata mvua ya mawe, saa kumi na moja jua tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilinyeshewa mara nne. Nyanya hakunyeshewa hata mara moja. Ndipo nikaanza kumuuliza anaona nini ambacho mimi sikioni, na majibu yake nikayaandika kwenye daftari langu la kazi.

Baadhi yenu mnaifahamu sehemu ile kuliko mnavyopenda kukumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, wengi mlivuka kwa miguu pale Busia na Malaba, mkakaa Mulanda wilayani Tororo kabla ya kuletwa huku. Kwa hiyo nikisema upepo wa ziwa, au mawingu ya upande wa Kakamega, mtanielewa. Ninyi mliotoka Congo, Sudan au Sudan Kusini, msiache kusoma. Mawingu yanayojengeka Dabani yanajengeka kwa namna ile ile juu ya Bweyale.

Kwa nini mhudumu wa afya aandike habari za mawingu? Kwa sababu mambo mengi yanayoleta watu kituo cha afya katika miezi hii hupita kwanza angani, na anga hutoa taarifa mapema. Radi hutoa taarifa ya saa moja hivi, pengine chini ya hapo. Mahindi yanayooza hutoa taarifa ya siku mbili tatu. Malaria hutoa taarifa ya majuma kadhaa. Aliyeiona taarifa ana muda wa kufanya kitu.

MIEZI HII NI MIEZI GANI?

Mwenye ndugu aliyehamishiwa Canada, Marekani au Ulaya husikia kwenye simu kwamba huko majira ya joto yanakwisha, majani yanageuka manjano na giza linaingia mapema. Kwetu siyo hivyo. Dabani haifiki hata digrii moja kaskazini mwa ikweta, na Kiryandongo haifiki digrii mbili na nusu. Mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua. Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba jua la mchana hupita juu ya ikweta likielekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata jua ukichelewa kidogo.

Huko Dabani mvua kubwa ni za Machi hadi Mei. Juni na Julai hupungua. Kuanzia Agosti mvua za pili hujikusanya, mpaka Novemba. Agosti basi ni mwezi usio na msimamo: siku tatu kavu, siku mbili za mafuriko. Hapa Kiryandongo nafasi ya katikati ni ndogo zaidi, na Agosti hadi Oktoba huwa ni miezi ya mvua hasa, kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Hata ndege wanajua. Mbayuwayu wanaoondoka Ulaya kwa kuogopa baridi huanza kuonekana kwetu Septemba na Oktoba, wakiruka chini chini juu ya mashamba kukamata wadudu. Nyanya hajawahi kusikia kwamba wanatoka Ulaya. Yeye huwaita wageni tu, na wakifika anajua kwamba aliyechelewa kupanda maharage amechelewa kweli. Nilipomweleza safari yao alicheka, akauliza kwa nini wao hawaulizwi karatasi mpakani.

JINSI SIKU MOJA INAVYOGEUKA

Chanzo cha vituko vya hali ya hewa ya Busia ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi ikipata moto hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huingia kujaza nafasi yake. Ndio ule upepo wa mchana unaotoka kusini. Kwa kawaida hewa hiyo hukutana na upepo unaotoka mashariki, upande wa nyanda za juu za Kenya, na zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Hapo mawingu makubwa huzaliwa. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto, na dhoruba huhamia juu ya maji. Wavuvi wa Majanji wanaujua vizuri huo wakati wa kabla ya alfajiri.

Kiryandongo iko mbali na Victoria, lakini mwendo wa siku ni huo huo: asubuhi shwari, ardhi inapata moto, mchana mawingu yanapanda, alasiri yanaanguka.

Sasa alama zenyewe. Asubuhi nyanya hutazama kaskazini-mashariki. Kama mlima Elgon unaonekana wazi, mistari yake imekatwa kama kwa kisu, husema mchana kutanyesha. Kama umefichwa na ukungu wa vumbi na moshi, anaanika bila wasiwasi. Sababu yake ni kwamba hewa iliyosafishwa na mvua ya jana bado ina unyevu wa kutosha kutengeneza mvua ya leo. Niliiweka alama hiyo kwenye daftari. Katika siku saba ambazo mlima ulionekana vizuri, tano zilinyesha. Siku kumi na mbili si utafiti, lakini zilinitosha kuacha kubishana naye.

Hapa hatuna Elgon. Tuna alama ya pili, ambayo ni bora na haihitaji mlima. Kuanzia saa nne au saa tano asubuhi tazama mawingu madogo meupe. Yakibaki mapana na bapa, kama chapati zilizotawanywa, siku itakuwa njema. Yakianza kupanda juu, urefu ukazidi upana, kama povu la sabuni linalofura kutoka kwenye beseni, jiandae. Ukiona kichwa cha wingu kimefika juu kabisa kikatandaa bapa kama uyoga, hilo wingu limekomaa na lina radi ndani yake, hata kama juu ya kichwa chako bado ni buluu.

Alama ya tatu ni upepo. Kabla ya dhoruba hewa husimama. Joto linakuwa zito, nzi wanasumbua, hakuna jani linalotikisika. Kisha unakuja upepo wa ghafla, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa. Watu wengi huupokea kwa furaha. Mimi pia nilikuwa hivyo. Lakini upepo ule ni hewa iliyopozwa na mvua ambayo tayari inanyesha mahali pengine karibu. Imeanguka kutoka ndani ya wingu na kukimbia mbele yake. Ukiusikia kwenye ngozi una dakika chache tu. Ule si wakati wa kuanza kutafuta mbuzi.

RADI

Hili ndilo lililonifanya niombe nafasi katika toleo hili.

Nilikuwa darasa la nne. Siku moja ya Septemba tulikuwa tunatoka shule, watoto saba, mvua ikatukuta njiani. Tukajibanza chini ya mwembe mkubwa pamoja na wanaume wawili waliokuwa na baiskeli. Radi ikaupiga mwembe. Nilijikuta nimelala chini, masikio yanavuma. Nilipoinuka niliona mvulana wa jirani yetu amelala, hana jeraha, macho nusu wazi. Watu walikuja mbio, kisha wakasimama mbali. Walisema aliyepigwa na radi haguswi, kwamba umeme bado umo ndani yake, na kwamba lazima aitwe kwanza mtu wa kufanya dawa. Wakasubiri. Mimi nami nilisimama. Sijui kama angepona. Najua kwamba hakuna aliyemgusa mpaka jioni.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya uhudumu, mwalimu alisema sentensi moja: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshike mara moja. Nilitoka nje kidogo. Wenzangu walidhani ninaumwa tumbo.

Msidhani ni jambo la nadra. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Hapa wilayani kwetu, mwezi Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi Runyanya. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya Palabek wilayani Lamwo, wakimbizi waliokuwa wamekusanyika kwa ibada jioni walipigwa na radi. Watu 14 walikufa, wengi wao watoto, na 34 waliumia. Angalia jambo moja: watu hawa hawakuwa shambani wala chini ya mti. Walikuwa chini ya paa.

Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunadhani kujikinga na mvua ni kujikinga na radi. Radi inatafuta njia ya kushuka ardhini. Jengo lenye kinga ya radi, yaani vyuma vya juu vilivyounganishwa kwa waya mnene hadi ndani ya ardhi, huipa njia hiyo. Runyanya iliwekewa kinga kama hiyo baadaye. Nyumba ya udongo, ya nyasi au ya turubai haina njia yoyote, kwa hiyo radi hupita ukutani, kwenye nguzo, na kwa mtu aliyeegemea nguzo. Mabati hayaiiti radi, kama wengine wanavyosema, lakini mabati yaliyokaa juu ya miti bila waya wa kwenda chini hayaizuii.

Basi tufanyeje kambini? Mahali pazuri zaidi ni ndani ya gari la bodi ya chuma, madirisha yamefungwa, au ndani ya jengo kubwa la kudumu lenye kinga ya radi. Nenda leo, jua likiwa bado linawaka, umuulize mwalimu mkuu na kiongozi wa nyumba ya ibada kama jengo lao lina kinga. Swali hilo halina adabu mbaya. Kama halina, basi wingu linapopanda watu watawanyike mapema kwenda majumbani badala ya kubanana hapo.

Ukiwa ndani ya nyumba yako kaa katikati, mbali na ukuta, mlango na nguzo. Usiguse waya wa sola unaotoka juu ya paa, na usitumie simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Simu iliyo mkononi bila waya haina shida. Watoto wasilale wameegemea ukuta. Kaa miguu ikiwa pamoja. Sababu yake utaiona kwa ng'ombe: radi ikipiga ardhini umeme husambaa kwenye udongo, hupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, na ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, hufa hata kama radi ilipiga mita kadhaa kutoka kwake.

Ukiwa nje, toka chini ya mti. Ondoka kwenye foleni ya bomba, jerikeni itakungoja. Ondoka kwenye milingoti ya goli, uzio wa waya, kichuguu kirefu, kingo za maji. Shuka kwenye boda boda. Weka jembe chini. Mkiwa kundi, achaneni, msishikane mikono.

Utajuaje iko umbali gani? Mwanga na ngurumo vinatoka mahali pamoja, ila mwanga unafika papo hapo na sauti inakwenda polepole, kama sekunde 3 kwa kila kilomita 1. Ukiona mwanga anza kuhesabu: moja Bweyale, mbili Bweyale, tatu Bweyale. Kila moja ni kama sekunde 1. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kuwa yako. Watoto wanaupenda mchezo huu, wafundisheni. Kama hukuuona mwanga lakini umesikia ngurumo, usihesabu, ingia ndani. Na mvua ikiisha usitoke haraka. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kama muda wa kupika ugali na mboga, kwa sababu wingu linaloondoka bado linaweza kupiga nyuma yake.

Mtu akipigwa, mshike. Kama waliopigwa ni wengi, anza na wale walionyamaza. Katika ajali nyingine tunamkimbilia anayepiga kelele, lakini kwa radi anayelia anapumua, na aliyenyamaza pengine moyo wake umesimama na bado unaweza kurudi. Mlaze chali. Kama hapumui, weka viganja viwili kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, karibu mara mbili kila sekunde, kifua kishuke kama sentimita 5 na kuinuka chenyewe. Unayejua kupuliza pumzi mdomoni, puliza mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Mwenzako akimbie kuita gari la wagonjwa. Usiache kubonyeza kwa sababu umechoka, badilishaneni. Na yule aliyesimama akasema hajambo, naye aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa ajili ya masikio, majeraha ya moto na moyo.

Wengi wananiuliza kuhusu nguo nyekundu. Radi haioni rangi. Nyanya bado hunikataza kuvaa fulana yangu nyekundu wakati wa mvua, na kwa kuwa ni nyanya, naivua. Lakini usimwache mtoto ashinde na nguo iliyolowa, au abaki chini ya mti, kwa kuwa tu hakuvaa nyekundu.

MAHINDI YA AGOSTI

Mavuno ya kwanza huangukia katika hali hii ya hewa isiyotulia, na mahindi yaliyonyeshewa mara mbili tatu kisha yakafungwa kwenye gunia huota kuvu. Kuvu fulani hutoa sumu, sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi kama hayo na 125 walikufa. Ini lao liliharibika. Walikuwa wamehifadhi mahindi yakiwa na unyevu.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Anua unapoona povu likipanda, si unaposikia tone la kwanza. Mahindi yakilowa yatandaze ndani, usiyarundike. Na kabla ya kufunga gunia fanya hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, funga gunia. Nyanya hutumia meno, anauma punje na kusikiliza mlio. Ana meno manne, na hakosei. Wewe tumia chupa.

Punje zenye kuvu la kijani, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu, zichambue uzitupe. Usiwape kuku, wala usizitie kwenye pombe.

HESABU YA MBU

Hapa taarifa ya anga ni ndefu zaidi, na ndiyo maana tunaipuuza.

Mbu anayeleta malaria hapendi maji machafu ya chooni. Anapenda kidimbwi kidogo, maji yaliyotulia, yanayopigwa na jua: alama ya kwato, shimo la matofali, shimo tulilochimba udongo wa kukandika nyumba, maji yanayomwagika chini ya bomba. Ndivyo vitu ambavyo mvua za Agosti hujaza.

Chukua kalenda, weka alama siku ya mvua kubwa ya kwanza. Mbu akitaga, kwa joto letu hili mayai, viluwiluwi na hatua za mwisho huchukua siku 10 hadi 14 mpaka mbu mpya aruke. Mbu huyo akimuuma mgonjwa wa malaria, vijidudu huhitaji kama siku 10 hadi 12 tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Na anayeumwa naye kwa kawaida huanza homa baada ya siku 10 hadi 15. Jumlisha: wiki tano hivi. Mvua ya katikati ya Agosti ni homa ya mwisho wa Septemba. Haina maana kwamba kabla ya hapo hakuna malaria, kwa kuwa mbu wa zamani wapo, lakini wimbi kubwa huja kwa hesabu hii.

Kwa hiyo kidimbwi kikifukiwa ndani ya wiki moja baada ya mvua, viluwiluwi wanakufa kabla ya kuruka. Kikifukiwa wiki ya tatu, umefukia maganda matupu. Kila Jumamosi zunguka nyumba yako ukiwa na jembe. Dakika ishirini zinatosha.

Chandarua je? Nimepita nyumba nyingi nikaona kimekunjwa tangu kiangazi, au kimezungushiwa bustani ya sukuma wiki. Kitoe sasa, kishone, kitundike. Tororo, jirani zetu wa Dabani, kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa sehemu za Uganda zenye malaria nyingi kupita kiasi. Nyumba zilipoanza kupuliziwa dawa ukutani mwishoni mwa 2014, pamoja na vyandarua, wagonjwa walipungua sana. Kwa hiyo inawezekana, hata mahali pale. Chanjo ya malaria nayo ipo: watoto wa magharibi mwa Kenya, Busia ya upande ule ikiwamo, walianza kuipata mwaka 2019, na Uganda ilianza Aprili 2025. Uliza kliniki ya watoto kuhusu zamu ya mwanao, na dozi zote zikamilike. Aliyechanjwa bado analala ndani ya chandarua.

Homa ikija, pima siku hiyo hiyo. Sisi wahudumu tunapima kwa tone la damu na majibu yanatoka kabla hujamaliza kunieleza habari za jirani. Dawa mseto imalizwe siku zote tatu, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelala bila kuamka, usinisubiri mimi. Mpeleke kituoni usiku huo.

KIKOHOZI, MAJI NA KUMBIKUMBI

Asubuhi za baridi huleta vifua. Mafua tu si kitu cha kutisha, lakini hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa nimonia na unahitaji dawa, si mafuta ya kupaka.

Mvua ya kwanza baada ya siku kavu husomba kila kilichoachwa vichakani na kukipeleka kwenye chemchemi. Siku hizo chota kwenye bomba tu, na chemsha au tia dawa ya maji. Ukikinga maji ya paa, mwaga yale ya mwanzo. Mtoto akiharisha mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya na kula. Choo kikiwa kama maji ya mchele, kingi na mfululizo, anza maji hayo na kimbia kituoni, hata kama ni mtu mzima.

Na jioni ya mvua kubwa kumbikumbi watatoka. Hakuna mzazi atakayewazuia watoto, na sishauri mjaribu, ni chakula kizuri. Subirini tu zile dakika 30 za ngurumo. Halafu tumia tochi, vaa gambuti, na usitie mkono ndani ya tundu la kichuguu, kwa sababu vyura hufuata kumbikumbi na nyoka hufuata vyura. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wembe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe sumu. Atulie, avue pete na viatu kabla ya kuvimba, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, abebwe mpaka kituo cha afya.

Kumbikumbi wenyewe wachemsheni kidogo au wakaangeni bila mafuta, kisha waanikeni. Asubuhi, kabla ya kuwaanika, tazama kwanza mawingu.